Maonyo ya Safari na Ushahidi wa Aliyerudi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jumuiya ya Waislamu wa Arua na Koboko, katika mkutano wa ukumbusho)

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.



Ama baada ya hayo. Halmashauri ya jumuiya imenitaka niseme juu ya jambo ambalo kila nyumba ya hapa yalijua, nalo ni safari za vijana wetu kwenda nchi za mbali kwa njia zisizo za kanuni, zile ziitwazo njia za panya. Tena wameniuliza swali moja hasa: Je, maonyo yanayotolewa katika redio, katika mikutano, na katika karatasi zinazobandikwa ukutani, yakieleza hatari za safari hizo, yamzuia mtu asiende? Au ni upepo upitao?

Mimi si mtu wa elimu kubwa ya dunia. Nilisoma shule ya msingi, kisha nikaketi mbele ya masheikh nikasoma dini. Lakini swali hili limeingia nyumbani mwangu, kwa hiyo nitalijibu kwa yale niliyoyaona na niliyoyatenda, na kwa machache niliyosomewa na wanaojua. Mkisikia kosa ndani yake, ni langu; na lililo sawa latoka kwa Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, sisi watu wa West Nile hatukuanza jana kusafiri. Koboko iko mahali zinapokutana nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na pale mipaka inapokutana Wakakwa wamepaita Salia Musala, yaani mafiga matatu. Babu zetu waliandikwa katika jeshi la King's African Rifles, na Kiswahili hiki ninachosema nacho ni katika mambo tuliyoachiwa na jeshi lile. Wengine waliondoka na waandikaji wa kazi kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Baadhi yao walirudi na baiskeli na blanketi, na wengine hawakurudi.

Kisha ikaja zamu yetu. Serikali ya Idi Amin ilianguka mwezi wa Aprili 1979, na mwezi wa Oktoba 1980 vita vilipofika Koboko na Arua watu wengi wa nchi hii walikimbilia Sudan na Zaire, ambayo sasa ni Kongo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Naukumbuka usiku tulipokaa uani, wazee wakibishana, twende au tubaki. Wa kutaja hatari za njia walikuwa wengi: mto, askari, njaa, maradhi. Hakuna aliyewapinga, wala hakuna aliyewafuata. Ndipo akaja mtu mmoja muuza chumvi, aliyekuwa amevuka mto Kaya siku mbili kabla, naye amerudi kumchukua mkewe. Akasema: "Mimi nimefika. Maji yapo, na watu wanapokea. Lakini msipite barabara ya magari." Kulipokucha tulikuwa njiani, na barabara ya magari tukaiacha kama alivyosema. Tulikaa ukimbizini mpaka mwaka 1986. Nimeishi miaka mingi kabla ya kufahamu kwamba usiku ule nilikuwa nimekwisha kupata jibu la swali la leo.

Baada ya kurudi, wazee wa Arua mwawakumbuka vijana waliouza petroli iliyovushwa kutoka Kongo, wakipanga madebe kando ya barabara, wakaitwa OPEC Boys. Baadhi yao walianza biashara hiyo walipokuwa ukimbizini. Kila mtu aliwaonya juu ya sheria na juu ya moto. Nao moto waliujua kuliko waonyaji, maana wao ndio waliolala na yale madebe chumbani.

Tuje katika siku zetu hizi. Njia ni nyingi, lakini mbili ndizo kubwa. Ya kwanza ni ya kaskazini: mtu avuka Oraba, apita Yei na Juba, hata afike Sudan akitafuta Libya na bahari. Ya pili ni ya Ghuba, kwenda Saudia, Oman, Dubai na kwingineko, ama kwa ndege ya Entebbe, ama kwa kupita Busia mpaka Nairobi ili kuwakwepa wakaguzi wa kwetu.

Hapa yafaa tutenge mambo, tusije tukawadhulumu watu. Kufanya kazi ng'ambo, ambako Kampala wakuita kyeyo, si haramu wala si kosa la sheria. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii hutoa leseni kwa makampuni ya kupeleka wafanyakazi nje, na orodha ya makampuni hayo yaweza kutazamwa. Wako binti zetu waliokwenda kwa njia hiyo, wakawasomesha ndugu zao na kuezeka nyumba za mama zao kwa bati. Tena yuko anayetoka hapa na karatasi zote sawa, akafika kule kafili akamnyang'anya pasipoti, na siku anapokimbia mateso ndiyo siku anapohesabiwa kuwa mvunja sheria. Basi mpaka baina ya safari ya kanuni na isiyo ya kanuni si ukuta wa mawe. Mtu aweza kuupita usiku mmoja, naye yumo jikoni mwa watu.

Serikali nayo ilijaribu zaidi ya kuonya. Mwezi wa Januari 2016 ilipiga marufuku kupeleka watumishi wa nyumbani Saudia, kwa sababu ya vilio vilivyofika hapa. Mwaka 2017 mlango ulifunguliwa tena baada ya mapatano baina ya serikali mbili. Katika muda ule wa marufuku wako waliopitishwa Kenya, na huko hakukuwa na ofisi ya Uganda iliyoandika majina yao. Marufuku haikukata safari zote. Nyingine ilizigeuza njia tu, na njia yenyewe ikawa ya giza zaidi.

Sasa niseme langu, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Mwaka 2019 nilitoa khutba ya Ijumaa juu ya safari hizi. Nilitaja bahari, nikataja jangwa, na kufungwa, na kunyang'anywa pasipoti, na kuuzwa kama mnyama. Watu walinipa mkono mlangoni wakanisifu. Siku ya Jumatano iliyofuata dada yangu aliniita nyumbani kwake. Nilikuta sufuria ya pilau motoni na majirani wameketi mkekani. Mwanawe alikuwa akiondoka usiku ule kwa basi la Kampala, apite Busia mpaka Nairobi, na huko dalali ampeleke Ghuba kwa viza ya matembezi. Dada yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kipande cha kiwanja, tena amekopa juu yake.

Nikamvuta kijana kando, nikamwuliza: "Wewe hukuwapo msikitini Ijumaa?"

Akajibu: "Nilikuwapo, Mjomba. Niliisikia khutba yako yote. Hukutaja hatari nisiyoijua."

Nikasema: "Basi waenda kwa nini?"

Akainamisha kichwa kwa adabu, akasema: "Kwa sababu na za hapa nazijua, Mjomba. Nina miaka ishirini na sita, na chakula ninachokula ni cha mama."

Nilikosa la kusema. Nikarudi mkekani, nikainua mikono nikasoma dua ya safari, na watu wakaitikia amin. Nikala pilau, nikampa shilingi 20,000 za maji ya njiani. Angalieni basi, ndugu zangu. Ijumaa ulimi wangu ulimwambia asiende, na Jumatano mikono yangu ikamsindikiza. Nami nilikuwa nikilaumu kwamba vijana hawasikii.

Alikaa huko miaka miwili kasoro. Alilinda ghala miezi mingi pasipo mshahara, na pasipoti yake iko kwa tajiri. Alipotoroka akawa mtu asiye na karatasi, na mwisho alikamatwa akarudishwa mwaka 2021, na mfuko mmoja wa nailoni mkononi. Nasi hatukumpokea vema. Vijana wa bodaboda walimtungia jina, wakamwita Dubai. Wanawake kisimani walimwuliza dada yangu bati zafika lini. Mimi nilimwambia mpwa wangu: "Pumzika, nitakuja tuzungumze." Sikwenda.

Basi akajitungia maneno. Akasema amekuja likizo, kazi yake yamngoja, na kule mtu mwenye bidii hakosi. Alikuwa akijifunika aibu yake kama mtu ajifunikavyo shuka. Lakini alikuwa na rafiki wa mtaa ule ule, naye aliyapokea maneno hayo kuwa kweli. Rafiki huyo hakuwa na nauli ya ndege. Mwishoni mwa mwaka 2022 alivuka Oraba, akapita Juba, akafika Khartoum akitafuta njia ya kwenda Libya. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum. Simu yake ilinyamaza mwezi ule, na mpaka leo haijajibu.

Mama yake yumo humu, katika safu za akina mama. Nilikwenda kwake kumwomba ruhusa kabla ya kuyasema haya. Akanijibu: "Sheikh, yaseme. Nimechoka kunyamaza."

Ndugu zangu, baada ya mambo hayo nilianza kujiuliza upya. Khutba yangu ilikuwa ya kweli. Maneno ya mpwa wangu yalikuwa ya uongo. Kwa nini basi uongo ule ukamtoa mtu nyumbani kwao, na ukweli wangu usimzuie hata mmoja?

Jibu nimelipata katika elimu yetu wenyewe. Sisi tuliosoma hadithi za Mtume twajua kwamba maulamaa hawakupokea neno kwa uzuri wake tu. Waliuliza kwanza: Nani amekuambia? Naye aliambiwa na nani? Je, wawili hao walikutana? Ni mkweli? Kumbukumbu yake ni nzuri? Ndiyo sanadi. Na hata sanadi ikionekana kuwa nzima, walitafuta kama ndani yake imefichika ila.

Kijana wa leo, hata asiyejua alifu wala bee, afanya vivyo hivyo. Asikiapo tangazo la redio, auliza moyoni: Huyu asemaye alivuka jangwa lini? Nani amemlipa? Naye amekwisha kusikia kwamba mengi ya maonyo haya katika Afrika hulipiwa na nchi za Ulaya, ambazo hazitaki aingie kwao. Basi neno ni la kweli, lakini kwake yeye halina sanadi. Kisha afungua simu yake, aona picha ya binamu yake amesimama mbele ya jumba la vioo. Hapo sanadi ni fupi kabisa: binamu kwa binamu. Lakini mpokezi huyo ana ila, nayo ni haya. Hawezi kupiga picha godoro analolalia. Hawezi kumwandikia mama aliyeuza ng'ombe kwamba mwezi wa nne hajaona mshahara.

Na liko jambo jingine liharibulo maonyo yetu, nalo ni kutaja mabaya peke yake. Kijana akiambiwa kwamba wote waendao hufa au hufungwa, hutazama dirishani akaiona nyumba ya jirani imeezekwa kwa fedha ya Oman. Basi hujua kwamba mwonyaji amemficha nusu ya habari, na nusu ile aliyoambiwa huitupa pia. Tena hatari zabadilika upesi kuliko karatasi za ukutani. Tulipokuwa tukionya juu ya bahari, wengine walikuwa wakiahidiwa kazi za kompyuta Thailand, kumbe wanavushwa hadi Myanmar, wakafungiwa humo na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa simu.

Pengine mtu atasema: Sheikh, hayo ni ya nyumba moja, na wewe wahukumu ulimwengu kwa mpwa wako. Ni neno la haki. Kwa hiyo nilimwomba mwalimu mmoja wa sekondari anisomee yale waliyoyapima wataalamu. Akanisomea ya nchi tatu za Afrika Magharibi, ambazo watu wake wengi ni Waislamu kama sisi.

Gambia, vijana wa mashamba waliulizwa wakadirie hatari ya kufa katika njia ya kwenda Ulaya. Walikadiria kubwa kuliko ilivyo, na hata hivyo wako wengi waliosema wangekwenda. Basi ugonjwa wao haukuwa kutojua hatari.

Senegal, mjini Dakar, Shirika la Kimataifa la Uhamaji liliwaonyesha watu filamu ambamo waliorudi wasema wenyewe yaliyowapata, kisha watu wakapata kuzungumza na waliorudi. Baada ya miezi mitatu, waliohudhuria walipungukiwa na nia ya kusafiri kwa njia zisizo za kanuni kwa asilimia 20 kuliko wasiohudhuria. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2019. Lakini nia si tendo, na kila mfungaji ajua tofauti ya kunuia na kufunga.

Guinea ndiko walikopima tendo lenyewe. Wanafunzi zaidi ya 7,000 wa sekondari waligawanywa mafungu. Baadhi walionyeshwa waliosafiri wakieleza hatari na gharama za njia, pamoja na hesabu zake. Baada ya mwaka mmoja, katika fungu lile waliotoka nje ya nchi walipungua kwa asilimia 51, ukilinganisha na wasioambiwa kitu. Upungufu huo ulikuwa katika safari za bila viza, na ulikuwa mkubwa zaidi kwa wanafunzi maskini.

Basi tusiseme kwamba maonyo hayana nguvu. Kusema hivyo ni kuyakana yaliyoonekana. Lakini angalieni ni maonyo gani yaliyofaa: huko Senegal na Guinea, aliyesema ni yule aliyepita njia ile kwa miguu yake. Ni kama muuza chumvi wetu wa mwaka 1980. Yeye hakututisha wala hakutupamba. Alisema maji yapo, na alisema barabara ipi tusipite, nasi tukamwamini katika yote mawili kwa sababu miguu yake ilikuwa bado na vumbi la huko.

Sasa nawauliza: Sisi hapa Arua na Koboko tunao mashahidi wa namna hiyo? Tunao wengi. Wako waliotoka Juba mwezi wa Desemba 2013, na tena mwezi wa Julai 2016, wakaacha maduka na bidhaa zao zikiteketea. Wako waliotoka Khartoum. Wako binti zetu waliorudi kutoka Ghuba, na baadhi yao wana makovu wasiyomwonyesha mtu. Ikiwa kuna mji katika Uganda usiohitaji kuletewa mashahidi kutoka mbali, ni mji wetu. Lakini wamenyamaza, na sisi ndio tuliowanyamazisha. Twawanyamazisha kwa jina la kejeli, na kwa swali la bati zafika lini. Na binti akirudi, twamnyamazisha kwa kumdhania mabaya kabla hajafungua kinywa, hata mchumba akamkimbia. Hapo mtu ana mambo mawili tu: aseme uongo, au aondoke tena. Mashirika yatoa fedha nyingi kutafuta sauti ya aliyerudi, nasi tunayo bure, twaizima kwa kicheko.

Tutazame mwenendo wa Mtume wetu. Mwaka 615 alipowaona masahaba wakiteswa Makka, hakuwahutubia juu ya hatari tu. Aliwaelekeza Habasha, kwa mfalme aliyejulikana kwa uadilifu. Mwaka 622 alipohama yeye mwenyewe pamoja na Abu Bakr, ngamia walikuwa wametayarishwa mapema, walijificha siku tatu katika pango la Thaur, na wakamwajiri Abdullah bin Uraiqit awaongoze, naye hakuwa Mwislamu, kwa sababu aliijua njia. Na walipofika Madina, wageni walifungwa udugu na wenyeji, kila mmoja na mwenzake. Basi katika hijra mwaona mambo manne: mahali panapojulikana, mpokeaji mwaminifu, kiongozi aijuaye njia, na udugu kwa aliyefika mikono mitupu. Sisi tumechukua neno la hatari peke yake, na hayo manne tumewaachia madalali.

Kwa hiyo naiomba jumuiya ifanye mambo manne, na si mambo ya fedha nyingi.

Kwanza, arudipo mtu kutoka safari, awe na mali au awe na mfuko wa nailoni, imamu na wazee wawili wamwendee jioni ile ile, na chakula kipelekwe. Binti aendewe na mama zetu. Wasimwulize ameleta nini. Na jina la kejeli likisikika, mwenye kulitaja aonywe msikitini kama aonywavyo mwenye kusengenya, maana ni mamoja.

Pili, usiku mmoja katika kila mwezi, baada ya sala ya Isha, waliorudi na wenye kuridhia wazungumze na vijana, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Wasilazimishwe. Waseme mabaya na waseme mema: mshahara ulikuwa kiasi gani, deni lililipwa kwa miezi mingapi, nani aliwasaidia, nani aliwauza. Na masheikh tukae chini tusikilize, tusimalizie maneno yao kwa mawaidha.

Tatu, isisomwe dua ya safari mkekani kabla wazee hawajauliza maswali matano. Kampuni ni ipi, nayo imo katika orodha ya wizara? Mkataba uko wapi, na nani ameusoma kwa lugha anayoijua msafiri? Ameuza nini na amekopa kiasi gani? Namba ya simu na nakala ya pasipoti zimebaki kwa nani? Na akipatwa na neno, nani huko aijuaye nyumba yao? Asiyeweza kujibu, apelekwe kwa afisa wa kazi wa wilaya kabla ng'ombe hawajauzwa. Tangu mwaka 2009 Uganda ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu, na dalali ajuaye kwamba wazee watauliza hatalala raha katika mtaa wetu.

Nne, sanduku la jumuiya liwe na fungu la kardhi hasana, mkopo usio na riba, kwa vijana wawili au watatu kila mwaka: cherehani, vyombo vya useremala, mtaji wa duka. Najua sanduku letu ni dogo. Najua pia kwamba fedha ya ng'ombe wawili na kipande cha kiwanja ilitoka katika mtaa wetu huu huu ikaenda kwa dalali, na hakuna aliyesema kwamba sisi ni maskini. Mpwa wangu aliniambia kwamba hatari za hapa anazijua. Neno lile halijibiwi kwa khutba. Hujibiwa kwa kumpunguzia hatari hizo.

Mimi binafsi nimeanza. Nilikwenda kwa mpwa wangu, nimechelewa miaka miwili, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Tulikaa mpaka alfajiri akanisimulia yote, kisha akaniuliza: "Mjomba, rafiki yangu angalikuwapo hapa kama ningalisema haya?" Nilimwambia ajuaye hilo ni Mwenyezi Mungu, na kwamba sehemu ya deni hilo ni yangu. Siku hizi amepata kazi kwa fundi wa pikipiki. Usiku wa kwanza wa mazungumzo, jumuiya ikiridhia, ameniahidi kwamba atasema.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, hili ndilo jibu langu kwa swali mliloniuliza. Maonyo yamzuia mtu pale yanapotoka kwa shahidi aliyeona, asiyeficha jema wala baya, na pale mtu anapoonyeshwa kwamba akibaki ana mlango wa kuingia. Yakikosa hayo, huwa ni sauti tu, hata yakisemwa na sheikh juu ya mimbari. Na shahidi hatasema kweli mpaka tumpe heshima ya kurudi mikono mitupu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waliomo njiani, bara na baharini. Amrudishe kijana wetu aliyepotea Khartoum, na ikiwa amekwisha kumchukua, amrehemu na ampe mama yake subira. Atusamehe sisi tuliocheka, na sisi tulioomba dua pasipo kuuliza. Amin.

Wassalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.